Mistari ya Majivu Uani kwa Mzee Ramazani

Aliyenipigia simu kuniambia kwamba Mzee Ramazani amefariki ni yule yule aliyemwita mlevi mbele ya watu wote. Nilimtambua kabla hajajitaja, kwa sababu Mzee Saidi huongea kwenye simu kana kwamba sauti yake inatembea kwa miguu kutoka Kasongo hadi kwangu Kindu na anaogopa itachoka njiani. "Mamzeli!" alipiga kelele, jina waliloniita Kasongo nikiwa msichana. "Rafiki yangu amekwenda. Amelala tu, hakuamka. Mazishi yamepita, hayo huwezi kuyawahi. Arobaini utaiwahi. Usipokuja, nitajua weye ni mutu wa namna gani." Siku mbili baadaye bado sikio langu lilikuwa linavuma, na nilikuwa nimekwisha kumtafuta mwenye pikipiki wa kunipeleka. Njiani, nikiwa nimemshika dereva kiunoni na matope yakiturukia mpaka kwenye meno, niliukumbuka ule mwaka mmoja niliokaa Kasongo, na mara mbili dereva aligeuka kuuliza kwa nini ninacheka.

Watu wakisimulia maisha yao huanza na mababu. Wangu niwaache wapumzike, hawakuwa na hatia yoyote katika mambo haya. Nianze na chumba. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, diploma mpya kutoka Kisangani, na tabia ya kuuliza kwa nini ambayo ilikuwa imenipotezea wachumba wawili na mapenzi ya profesa mmoja. Nilikuwa nimesomea kine, ile kazi ya kuvirudisha viungo vya watu katika mwendo wake. Kasongo waliamini kwamba kine ni kukanda, basi wakawa wananiletea vifundo vya miguu vilivyoteguka pamoja na chupa ya mawese. Nilipanga chumba cha mwisho katika nyumba ya Mzee Ramazani na mkewe, Mama Feruzi. Ukuta kati yangu na wao ulikuwa wa matofali mazuri, ila haukufika kwenye mabati. Ulikomea chini yake kiasi cha urefu wa mkono, na katika nafasi ile yalipita moshi, harufu ya kahawa na kila neno lililosemwa nyumbani mle. Asubuhi yangu ya kwanza niliamshwa na mazungumzo haya:

"Mama Feruzi, nimekwama."

"Wapi tena?"

"Hapa, mulangoni."

"Jana ulipita."

"Jana si leo."

Nilitoka nje, nikamkuta mzee mrefu mwenye kofia nyeupe amesimama kizingitini, mkono wa kulia ukimtetemeka, miguu imeganda sakafuni kama imepigiliwa misumari. Nyuma yake mkewe alikuwa ameinama, bega mgongoni kwa mumewe, akimsukuma kama watu wanavyosukuma lori lililozama. Alipoachia, mzee alitoka kwa hatua fupi za mbio mbio, akakatiza ua na kusimamishwa na mti wa mpapai. Aliukumbatia, akanigeukia kwa heshima zote, akasema kwa sauti ndogo sana, "Karibu kwetu, mamzeli. Umelala salama?"

Daktari wa hospitali alikuwa amekwisha kuuandika ugonjwa ule kwenye karatasi: Parkinson. Mama Feruzi aliihifadhi karatasi hiyo ndani ya sahani ya wageni. Vidonge vilitoka mbali, kama vilikuja, na visipokuja mzee alikuwa mzito kama gogo lililolowa. Lakini nilipomuuliza hasa kinachomuumiza, hakutaja mkono wala miguu. Miaka mingi alikuwa muadhini wa msikiti mdogo wa mtaa wetu. Sauti ilikuwa imemkauka, ulimi umekuwa mzito, na siku moja alipepesuka kwenye ua wa msikiti akaanguka pamoja na birika la kutawadhia. Aliyekuwa karibu ni Mzee Saidi, jirani na rafiki yake tangu ujana, mtu mwenye sifa ya kuona kila kitu na kuelewa nusu. Saidi alimsikia akiongea kwa ulimi mzito, akaziangalia zile hatua, akatamka neno moja: lotoko. Ile pombe kali ya mahindi! Kabla ya swala ya jioni mtaa mzima ulijua kwamba muadhini anakunywa. Kamati ikamwomba apumzike. Tangu siku ile hakuwa amekwenda msikitini.

"Sikuombi uniponye," aliniambia, tukiwa tumekaa jikoni na sahani ya mihogo ya kuchemsha katikati yetu. "Umri wangu Mungu anaujua. Nataka siku ya Idi niingie musikitini kwa miguu yangu mwenyewe, Saidi akiwa anaona. Nikiisha kuingia, hata nikikwama humo ndani mwaka muzima, haina shida."

Idi ilikuwa bado miezi minane. Nilikuwa na daftari la chuo lililosema kwamba mtu wa ugonjwa huu huganda kwa sababu ile sehemu ya ubongo inayoendesha mwendo bila kufikiri imechoka, na kwamba jicho au sikio linaweza kumpa njia nyingine ya kupita: mstari wa kuruka, mdundo wa kufuata. Kusema kweli sikuamini. Nilikuwa siamini kitu chochote mwaka ule, pamoja na daftari langu. Lakini sikuwa na lingine, na chaki haikuwapo. Nikachukua majivu ya jikoni kwa Mama Feruzi, nikachora mistari kukatiza ua, kutoka mlangoni mpaka kwenye mpapai, kila mmoja mbali na mwenzake kwa hatua moja ya mtu mrefu. Mzee Ramazani aliitazama. Akainua mguu, akauruka wa kwanza. Akauruka wa pili. Akaenda mpaka kwenye mpapai na, safari hii, hakuukumbatia. Mama Feruzi alikaa chini pale pale alipokuwa. Mimi nilichukua ufagio nikaifuta mistari yote.

"Weye! Umefuta sababu gani?"

"Nataka kujua kama ni majivu au ni bahati, Mama."

"Na kama ni bahati utafanya nini? Utairudisha?"

Bila mistari, aliganda. Nikachora tena, akaenda. Nikafuta tena. Mara ya tano mzee mwenyewe aliniomba, kwa ile sauti ndogo, nimwambie kama ninamfundisha yeye kutembea au ninayafundisha majivu. Kuanzia siku ile akaniita Mamzeli Kwanini, na jina hilo lilinitangulia sokoni.

Mdundo tuliupata kwenye kinu. Mama Feruzi alipotwanga sombe, yale majani ya muhogo, mzee alitembea kwa kufuata mchi, hatua moja kwa kila pigo, na alitembea vizuri kuliko nilivyotarajia. Shida ni kwamba mazoezi yalikuwa kila siku, na sombe iliyotwangwa lazima iliwe. Tulikula sombe na mawese, sombe na karanga, sombe na samaki wadogo wa Lualaba, sombe bila kitu. Mwezi wa pili niliomba kwa adabu kama hatuwezi kutwanga kinu kitupu. Mama Feruzi alinitazama kama nimemwomba atembee uchi. "Kinu tupu kinaita njaa," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza kwa nini.

Zoezi gumu zaidi lilikuwa la kutembea huku akifikiri, maana mtu wa ugonjwa huu akisemeshwa akiwa njiani miguu husahau kazi yake. Ujanani yeye na Saidi walikuwa wasukuma baiskeli, wale wanaume waliopeleka chumvi, sabuni na mafuta Kabambare na mpaka migodini Salamabila, kwa kusukuma si kwa kupanda, baiskeli imebeba mzigo kumzidi mwenyewe. Basi nikamwambia atembee juu ya mistari huku akinitajia vituo vyote vya njia ile na chakula alichokula kila mahali. Alitaja Lusangi, wali na kuku. Akataja vingine, kimoja baada ya kingine, na ugali, na kumbikumbi, na nyama ya nguruwe wa msituni ambayo yeye hakuila lakini aliisikia harufu. Nilijaza kurasa nne. Nilishangazwa na kumbukumbu ile, nikataka kuihakikisha, nikamsomea orodha dereva mmoja wa pikipiki, motari wa njia ya Salamabila. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mamzeli, vitano vya kwanza ni kweli. Hivi vingine vyote, hata Mungu hajavisikia." Nilirudi na hasira. Mzee hakukana. "Ulisema nifikiri nikitembea," alijibu. "Kukumbuka ni kazi nyepesi. Kutunga vijiji kumi na vinane na miguu inaenda, jaribu weye." Nilijaribu. Nilifika kijiji cha nne nikajikwaa kwenye ndoo.

Kwenye jambo la baiskeli pia alinishinda. Nilifikiri ile baiskeli yake kuukuu ingemfaa kama gari la kushikilia. Nikampa tupu, nyepesi, ili asichoke. Ilimkimbia. Yeye akaifukuza kwa zile hatua za mbio mbio, wakaingia wote wawili kwenye mihogo ya Mzee Saidi, na Saidi akatoka na kanzu na hasira akisema ulevi sasa umefika mashambani. "Baiskeli tupu ni kama mutu hana kazi," Mzee Ramazani alinieleza nikimtoa majani kichwani. "Inaenda popote. Funga gunia." Tulifunga gunia la mahindi nyuma, na kwenye usukani ile fimbo ambayo wasukumaji huongozea baiskeli. Mgongo ukamnyooka. Alitoka pale kijana wa miaka thelathini, nikabaki nyuma nikiwa nimeshika daftari.

Ilibaki milango. Kwenye mlango hakuna mdundo unaotosha, na majivu Mama Feruzi hakuyataka kwenye sakafu ya ndani. Dawa ya hapo ni rahisi: mkewe anatanguliza mguu mbele ya mguu wake, naye anauruka kama anavyoruka mstari. Tulifanya hivyo kila asubuhi. Mzee alilalamika kwamba kwenye mpira hiyo ni faulo, lakini alipita. Sikufikiria, mimi msomi, kwamba mlango wa mbele unaonekana kutoka kwa jirani. Na sikufikiria chochote nilipoirefusha mistari ya majivu kutoka uani, kupitia langoni, ikakatiza barabara mpaka bombani, ili mzee azoee kutoka.

Asubuhi ile pikipiki ya kwanza ilisimama mbele ya mstari wa kwanza. Kisha ya pili. Kina mama wenye mabeseni walishuka bondeni na kuzunguka mtaa mzima kuyafikia maji waliyokuwa wakiyaona. Nilitoka kuwaeleza. "Vuka tu," nilimwambia motari. "Ni majivu ya jikoni."

"Nani alikuwa anapika?"

"Mama Feruzi."

"Alipika nini?"

"Sombe."

"Na kwa nini sombe inahitaji mistari saba?" Abiria wake alikuwa amekwisha kushuka. "Mamzeli, miye niko na bibi na watoto. Siwezi kuvuka kitu ambacho sijui mwenyewe."

Mchana tuliitwa kwa shefu wa kartiye, yaani mkuu wa mtaa, mtu mnene mwenye subira, aliyesikiliza kesi zote huku akimenya karanga. Mzee Saidi alisimama, akayataja makosa ya nyumba yetu kwa utaratibu: mume ni mlevi, mke anamwekea mume miguu mlangoni aanguke afe, yeye mwenyewe ameona, si mara moja, na mpangaji amefunga barabara kwa dawa. Mama Feruzi alicheka mpaka akajifunika uso na kitenge. Mimi nilifurahi. Nilikuwa na sayansi, na hapo palikuwa na watu mia. Nikamwomba Mzee Ramazani avuke uwanja wa shefu bila kitu. Akaganda, kama nilivyotaka. Nikamwaga majivu, mstari, mstari, mstari. Akavuka kama bwana harusi. Watu wakaguna. Nikageuka kwa shefu nikisubiri haki yangu.

Shefu aliweka karanga chini. "Mamzeli, ngoja nielewe. Bila majivu, haendi."

"Ndiyo."

"Ukimwaga majivu, anaenda."

"Ndiyo!"

"Na majivu umemwaga weye, kwa mukono yako."

"Ndiyo, lakini ni ubongo..."

"Sasa uganga ni nini?"

Nimeulizwa maswali na maprofesa wenye tai. Hakuna aliyeuliza vizuri kama yeye. Nilianza kueleza habari za njia ya macho na njia ya mazoea, nikasikia sauti yangu mwenyewe, na kweli ilikuwa sauti ya mganga anayetetea bei yake. Shefu alihukumu kwa hekima: majivu yabaki ndani ya uzio wetu, yasionekane barabarani, na msikitini yasifike kabisa, miguu ya Mama Feruzi ni mali ya ndoa yake, serikali haimo. Kuhusu lotoko alisema hana ushahidi, na katika mtaa wetu hilo lilimaanisha ni kweli. Kesho yake asubuhi nilikuta watu watatu langoni na vikopo mkononi. Mmoja alikuwa mchimba dhahabu aliyekuja Kasongo kumwona dada yake. Alitaka mistari michache ya mdomo wa shimo lake kule Salamabila. Nilimwambia haifanyi kazi. "Shefu mwenyewe ameona," alinijibu, akaninyooshea kikopo.

Basi Idi ilikuja, na sisi hatuna majivu. Mvua ya alfajiri ilikuwa imejaza maji uwanja wa swala, kwa hiyo hata waliozoea kuswali huko walihamia misikitini. Mzee alivaa kanzu iliyopigwa pasi mara mbili. Alimeza kidonge chake cha mwisho cha mwezi ule kwa saa niliyompangia, akashika baiskeli, gunia nyuma, akaondoka. Tulimfuata mimi na Mama Feruzi kwa nyuma, Mama akikataa kwenda upande wa wanawake mpaka aone. Kutoka nyumbani hadi lango la msikiti alitembea vizuri hata wale motari wakapunguza mwendo kumtazama. Langoni aliiegemeza baiskeli ukutani. Mikono yake ikabaki mitupu. Mbele yake palikuwa na ua wa hatua ishirini, kisha mlango, na mlangoni, mikono nyuma, amesimama Mzee Saidi.

Aliuvuka ua akihesabu, niliona midomo. Hatua zilianza ndefu, zikafupika, zikafupika tena. Mbele ya mlango palikuwa na rundo la viatu vya waumini, babushi za plastiki za kila rangi, zimetupwa ovyo, hakuna mstari wala mpango. Akavua vyake. Akaganda. Nyuma yake watu walianza kujazana. Ndani takbira ziliendelea. Nikasikia mtu akinong'ona, "Hata leo amekunywa?" Mama Feruzi alinishika mkono kwa kucha. Nilijua kabisa kinachohitajika, ni kitu cha sekunde moja, na mimi ni mwanamke tena Mkristo, nimesimama nje ya uzio.

"Saidi," Mzee Ramazani aliita kwa sauti yote iliyombakia.

"Nini?"

"Leta muguu yako."

"Wapi?"

"Hapa mbele yangu. Weka."

Watu walirudi nyuma kidogo, kama wanavyorudi palipo na ugomvi. Saidi alimtazama. Wamejuana tangu ujana, na nadhani tangu ujana hajawahi kukataa akichokozwa. Akautoa mguu wake mtupu, mrefu, wenye kidole gumba kilichopasuka, akaukita kizingitini: haya, nione! Mzee Ramazani akauangalia ule mguu kwa makini kabisa. Akainua wake, juu, kama mtu anayevuka gogo kwenye njia ya Kabambare, akaupita. Sakafu ya ndani ilikuwa na mistari ya rangi ya kupangia safu, niliiona kwa mbali mlango ulipokuwa wazi. Ilimchukua mmoja mmoja mpaka safu ya mbele. Saidi alibaki pale na mguu nje, na watu wote waliomfuata, kwa kuwa walidhani ndivyo inavyotakiwa siku ile, wakauruka mmoja mmoja.

Mchana Saidi alikuja kwetu bila kualikwa, akakaa, akala wali na kuku na, namshukuru Mungu, sombe yote. Alinawa mikono polepole. "Nilisema unakunywa," alisema.

"Ulisema."

"Mulevi hawezi kuruka muguu ya mutu. Nimeona walevi wengi. Wanaukanyaga."

Huo ndio ushahidi uliomsafisha Mzee Ramazani. Miezi minane ya daftari, ya kupima hatua, ya kufuta na kuchora, haikumshawishi mtu hata mmoja. Nilifungua kinywa kusahihisha, nikamwona mzee, na uso wake ule mgumu usiocheka ulikuwa unacheka kwenye macho tu. Nikaomba niongezewe wali.

Sikumponya, na sikusema nitamponya. Niliondoka mwisho wa mwaka ule, na habari zilizonifikia Kindu zilikuwa za polepole: sauti imepungua tena, mkono wa pili umeanza, ameanguka lakini hakuvunjika. Nilidhani msikitini alikuwa ameacha kwenda zamani. Nilipofika kwenye arobaini nilikuta ua umefagiliwa, masufuria yanachemka, Mama Feruzi katikati ya wanawake akiwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. "Kila Ijumaa," aliniambia, kabla sijauliza. "Miaka sita. Saidi anatangulia, anamungojea mulangoni, anatoa muguu. Mwisho alikuwa anabebwa mpaka pale, lakini mulango anaupita mwenyewe."

Mzee Saidi alikuwa kwenye kiti cha plastiki kando ya mlango wa nyumba, amezeeka, kichwa kimeinama, akivuta tasbihi. Alinisikia nikija, akajua ni mtu anataka kuingia. Hakuinua macho. Aliutoa mguu wake tu, akauweka kizingitini. Kisha akautazama, akakumbuka, akaanza kuurudisha kwa aibu.

"Uache, Baba," nilimwambia.

Nikainua kitenge changu kidogo, nikauruka, nikaingia.